Acheni Maji Yazeeke

Vijana wangu, mmeniomba niwaandikie jambo la kuwatia moyo kwenye mkutano wenu wa makanisa ya Louisville, Columbus na hapa kwetu Buffalo. Mmekosea mlango. Mimi si mtu wa kutia moyo, mimi ni mtu wa kunusa maji ya redieta. Nimeifanya kazi hiyo mpaka magoti yangu yakastaafu kabla yangu. Mkitaka maneno matamu mtafuteni mchungaji. Mimi nitawaambia habari za kutu.

Najua ninyi wa kusini mnacheka. Kule Beechmont, mtaa wa Louisville, binti yangu Jeni anabonyeza kidude ukutani, upepo wa moto unatoka sakafuni, basi, amemaliza. Kaka yake Elia, anayekaa Columbus karibu na Morse Road, vilevile. Siku moja nilianza kumweleza kazi yangu, akanijibu, "Dad, nobody does that anymore." Eti hakuna anayeifanya tena. Nikamwambia aje huku East Side ya Buffalo mwezi wa pili, aninong'oneze hayo maneno huku meno yakimgongana. Hajaja mpaka leo.

Kwa hiyo nianze na wasiojua. Nyumba nyingi za zamani za huku zina boila chini, kwenye besimenti. Boila inapasha maji moto, pampu inayasukuma kwenye mabomba mpaka kwenye redieta, yale machuma mazito yenye mbavu yanayokaa chini ya dirisha. Maji yakishaacha joto lake yanarudi chini kupashwa tena. Ni maji yaleyale, mwaka baada ya mwaka, na yakipungua, bomba la maji ya jikoni huyajaza lenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuyachota kidogo na kuyauliza maswali: una asidi kiasi gani? Una kutu kiasi gani? Dawa tuliyokutia bado unayo, au umeitapika? Kwa sababu boila haifi ghafla, wanangu. Bandu bandu huisha gogo, na bomba huliwa kutoka ndani, huku nje rangi yake inang'aa.

Aliyenifundisha aliitwa Walt, mzee mweusi aliyezaliwa hapahapa East Side. Alikuwa mkuu wa boila kwenye majengo ya kupangisha nilikoajiriwa kufagia ngazi. Mimi nilikuwa nimehamia Buffalo kutoka Louisville, ambako nilipakua maboksi ghalani mpaka mgongo ukakataa, na Kiingereza changu kilikuwa cha kusalimia na kushukuru tu. Walt hakujali. Alinishika mkono, akanishusha chini, akanipa chupa yenye maji meusi na kunionyesha pua yake. Nikanusa. Akauliza, "Unapata nini?" Nikasema, "Chuma." Akasema, "Vizuri. Siku utakayosikia mayai yaliyooza, njoo unikimbilie. Siku utakayosikia siki, kimbia zaidi." Mayai ni wadudu wanaoishi humo ndani. Siki ni dawa ya kuzuia kuganda iliyochakaa na kugeuka asidi. Pua yangu ilielewa kazi kabla ya masikio yangu kuelewa Kiingereza.

Kuchota maji si kufungua koki tu. Maji ya kwanza yanayotoka ni yale yaliyolala kwenye kona, hayo ni waongo, yamwage kwenye ndoo. Acha pampu iwe inazunguka. Chupa ijae mpaka mdomoni, uifunge pasipo kubakiza hewa, na upime hapohapo, maana maji yakikutana na hewa hubadilisha ushahidi. Na chupa iwe safi! Tulikuwa na Mkenya mmoja, Otieno, kijana mzuri, mchapakazi, lakini ana haraka kama moto wa petroli. Siku moja alipanda ngazi anapiga kelele, "Mzee, hii system imeisha, it's acid kabisa, nimetest mara mbili!" Tukashuka wote watatu. Walt akaichukua ile chupa, akaigeuza, akakuta chini yake kibandiko cha maji ya limau. Kijana alikuwa amekunywa, hakusuuza, akapima chakula chake cha mchana. Walt alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Tangu siku hiyo Otieno aliitwa Limau, na sasa ana kampuni yake, lakini mimi bado namwita Limau.

Karatasi ya kupimia ni rahisi. Unaichovya, inabadilika rangi, unailinganisha na rangi zilizo kwenye kopo. Saba ni katikati. Chini ya hapo ni asidi, na chuma kinaanza kulia. Chuma kinapenda maji yaliyopanda juu kidogo, nane na kitu, tisa. Lakini somo ninalotaka mlishike si la karatasi. Somo lilikuwa kwenye misumari ya Walt. Alikuwa na chupa mbili za kioo dirishani, kila moja ina msumari. Moja ilijazwa maji meusi ya boila, ikafungwa kabisa. Ya pili ilikuwa na maji safi ya bomba la jikoni, na kila asubuhi aliyamwaga akaweka mengine safi. Msumari wa maji safi ulikuwa umeota manyoya ya kutu kama kiwavi. Msumari wa maji meusi ulikuwa mzima.

Nilibisha. Nilimwambia Walt haiwezekani. Wanangu, ninyi mmezaliwa penye maji ya kufungulia tu, hamwezi kujua jambo hilo lilivyoniumiza kichwa. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi, Tanzania. Mrundi yeyote wa kambini, na Mkongomani yeyote aliyekuwa jirani yake, alifundishwa na kipindupindu: maji machafu, mwaga. Mwaga, suuza, weka mengine. Walt alinivumilia. Akanieleza kwamba maji mapya yanaingia na hewa ndani yake, na hiyo hewa ndiyo inayokula chuma. Yakikaa yamefungwa, hewa inakwisha, yanakuwa meusi, na ugomvi unaisha. Maji ya kunywa ni jambo moja, alisema, maji ya boila ni jambo jingine. Ilinichukua msimu mzima wa baridi kukubali.

Sasa sikilizeni mambo ya kanisa letu.

Mnalijua jengo letu la East Side, la matofali mekundu, walilotuachia Wamarekani wazee waliobaki wachache. Kabla ya hapo tulisali kwenye ukumbi wa kukodi, saa tuliyopangiwa, na harusi ya watu wengine ikianza tulitolewa katikati ya pambio. Tulipopata jengo, wapo watu waliobusu ukuta. Mimi nilishuka besimenti. Nikaikuta boila ya zamani, nzito, yenye heshima zake. Niliyasafisha maji, nikatia dawa ya kuzuia kutu kwa mkono wangu, nikapima, nikapanda juu nikiwa na furaha kuliko bwana harusi.

Kisha nikafanyiwa upasuaji wa goti, Jeni akaja kunichukua, nikakaa kwake Beechmont miezi mingi nikila na kulala na kugombana na luninga. Niliporudi Buffalo nilikuta kanisa limevaa makoti. Redieta zilikuwa za moto chini na baridi juu, zinakoroma wakati wa maombi. Pampu ilikuwa inasaga kokoto. Kwenye ukumbi wa watoto bomba lilikuwa limetoboka, limefungwa na mpira wa baiskeli.

Fundi aliitwa. Sitamsema vibaya, hakudanganya. Alitazama, akagonga mabomba, akasema pampu imekufa, vipande kadhaa vimeoza, na kwa mwendo huu vingine vyote vitafuata. Ng'oeni mfumo mzima au hameni. Kung'oa hatukuwa na uwezo hata wa kuota. Mwenyekiti wetu, Bwana Minani, Mrundi mwenzangu anayesimamia zamu ghalani, akaitisha kikao cha washirika wote kwa Jumapili ya pili iliyofuata. Ajenda ilikuwa moja: tuliache jengo, turudi ukumbi wa kukodi kabla baridi haijakaza.

Nilisimama hapohapo, na fimbo yangu. "Sihami," nikasema.

"Mzee Bukuru, hakuna aliyekuuliza bado," Minani akajibu.

"Najibu mapema. Nilihamishwa nikiwa mtoto, nimebebwa mgongoni. Nikahamishwa kambi moja kwenda nyingine kwa lori. Nikaletwa Louisville kwa ndege, nikaja huku kwa basi. Bomba lililooza halitanihamisha. Nipeni mpaka siku ya kikao nipime maji."

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, mzee."

"Mimi Mpentekoste, Idi si yangu. Nitafaidi Krismasi."

Watu wakacheka, lakini niliona nyuso zao. Walikuwa wameshaanza kuliaga jengo. Hilo lilinitia hasira kuliko baridi yenyewe.

Jumatatu nikashuka, ngazi moja moja, na goti langu jipya. Nikachota kama nilivyowafundisha hapo juu. Nilitegemea maji meusi. Yakatoka ya rangi ya chungwa, kama chai ya maziwa iliyomwagikiwa matope. Wanangu, tope jeusi ni kutu iliyozeeka na kutulia, hata sumaku inaivuta. Rangi ya chungwa ni kutu mpya, ya jana, ya leo asubuhi, na haiji bila hewa mpya. Nikachovya karatasi ya asidi. Nikapanda jikoni, nikachovya nyingine kwenye maji ya kunywa. Rangi zikafanana kama mapacha. Nikatafuta dawa niliyoitia mwenyewe, hamna, hata harufu yake hamna. Yale hayakuwa maji ya boila. Yalikuwa maji ya jikoni yanayopita njia.

Lile tundu la mpira wa baiskeli lilikuwa linadondosha matone tu, lisingeweza kumaliza maji yote. Nikamulika sakafu. Karibu na koki ya kutolea maji, saruji ilikuwa nyeusi mpaka kwenye tundu la maji machafu, kama pale mtu anapomwaga masizi ya sufuria kila siku. Kikulacho ki nguoni mwako. Kulikuwa na mkono wa mtu.

Sikumwambia mtu yeyote. Jumamosi ndiyo siku ya usafi wa kanisa, akina mama na akina baba wote wanakuja na mafagio. Nilikwenda mapema nikakaa besimenti juu ya kiti cha plastiki. Nikasikia mtu anashuka anaimba pambio. Alikuwa Nestori, mzee wetu wa usafi, Mkongomani wa upande wa Uvira, amevaa viatu vya mpira, ana ndoo na brashi. Anafanya kazi ya kuwaogesha wazee kwenye nyumba za kutunzia, na sijawahi kuona mtu msafi kama yeye. Akanisalimia kwa furaha, akainama, akafungua koki. Maji yakatoka meusi kidogo, kisha chungwa, kisha meupe. Naye akawa anayatazama kwa uso wa mtu anayemwogesha mtoto.

"Nestori! Unafanya nini?"

"Bon, si minasafisha, mzee. Hii mayi ilikuwa nyeusi mubaya. Tangu uliendaka kwa mutoto yako, kila Samedi minaimwanga mpaka inakuwa muzuri. Nyumba ya Mungu haiwezi kukaa na mayi chafu mu tumbo."

Nilikuwa na maneno makali mdomoni, mnanijua. Nilimwambia moja tu: kwamba ile koki ndiyo inayoua jengo. Akaifunga taratibu. Akakaa chini kwenye ngazi, na brashi mkononi.

"Mzee Bukuru," akasema, "mi nilikuwa wa comité ya mayi kule kambini. Batoto balikuwa banakufa na kolera. Ni mi nilikuwa nasimama pa robinet, pa kuchota mayi, mutu akileta bidon chafu, minaimwanga, hata anitukane. Batoto bakapona. Donc leo unaniambia mayi safi iko inakula chuma? Na mi njo niko naipa chakula?"

Mimi mwenyewe nilibishana na Walt msimu mzima, kwa sababu hiyohiyo. Yule mtu hakuwa mzembe. Alikuwa anafanya kwa moyo wote kitu kilekile kilichowahi kuokoa watoto, na mmoja kati ya wale watoto, kwa taarifa yenu, aliketi katika kwaya yetu akiimba sauti ya pili. Nilishindwa kumkaripia. Nikapanda jikoni, nikatafuta chupa mbili za kioo na misumari miwili.

"Usiniamini," nikamwambia. "Hii nimeijaza maji ya zamani ya boila ya nyumbani kwangu, niliyokuja nayo kwa ajili ya kulinganisha. Nimeifunga, usiiguse. Hii nyingine ni ya kwako. Ioshe kila siku kama unavyoliosha kanisa. Maji safi, asubuhi na jioni ukipenda."

Akazichukua. Ile Jumamosi hatukusikia pambio tena kutoka besimenti.

Jumapili ya kikao, siku nane baadaye, ilikuwa na upepo wa ziwani, ule unaopita kwenye vifungo. Watu walijaa na makoti yao na blanketi za watoto. Nikaeleza niliyoyapima: maji ni mapya, dawa hamna, kutu ni ya leo. Nikasema mfumo haujafa, unalishwa sumu. Ikikatwa, tutabadilisha pampu na vile vipande vilivyooza, na vilivyobaki vitatufikisha mbali. Minani akauliza swali ambalo kila mtu angeuliza.

"Nani anafungua maji?"

"Nimekuja kusema habari za maji," nikajibu. "Mkono wa mtu sikuupima."

Zogo likaanza. Wengine walisema ni watoto, wengine wakawatazama vijana, wengine wakasema Mzee Bukuru amezeeka, anamficha mtu au anaota. Minani akagonga meza, akasema bila jina hakuna ushahidi, na bila ushahidi tupige kura. Mimi nikasema basi pigeni, jina hamlipati kwangu. Nilimaanisha. Nilikuwa tayari kupoteza jengo nililoapa sitalihama, lakini si kwa kumvua nguo mtu aliyesimama kwenye bomba la kambi. Niliumia, sitawadanganya.

Ndipo Nestori akaja mbele. Alikuwa na suti yake ya kijivu, na mfuko wa plastiki. Akatoa chupa mbili akaziweka mezani mbele ya Minani. Msumari mmoja ulikuwa mweusi, mzima, unaweza kuupigilia. Wa pili ulikuwa umevaa manyoya mekundu, na chini ya chupa kulikuwa na vumbi lake.

"Huu muzuri ni wa mayi ya zamani," akasema. "Huu mwingine ni mi niliukula, na mayi safi, kila siku. Na kanisa, ni mi. Minaomba pardon. Sikujua."

Kisha mama mmoja mzee, Mrundi, akasema kwa sauti kutoka nyuma, "Na mimi ningeyamwaga." Mwingine akasema, "Hata mimi." Ikawa kama ushuhuda, watu wa kambini wakisimama mmoja mmoja, kila mtu akikiri kwamba angefungua ile koki. Minani aliichukua ile chupa ya msumari mwekundu, akaigeuza kwenye mwanga. Hatimaye akasema, "Mimi pia," akafunga faili lake. Kura haikupigwa.

Hatukupona kwa muujiza. Limau alikuja na pampu na vijana wake, tukakata vilivyooza, tukasuuza, tukatia dawa. Nilipima kila Jumapili kabla ya ibada, goti lilie lisilie. Vipande viwili zaidi vilitoboka, tukavibadilisha. Na ile koki ina mlinzi sasa. Juzi kijana mmoja alishuka kuchota maji ya kudekia, nikamsikia Nestori mpaka juu: "Weye! Acha hiyo mayi izeeke!"

Mnasema kazi hii imekwisha. Jeni ananiambia nihamie Beechmont, chumba kiko tayari. Elia anasema siku hizi kuna kidude kinachopima maji chenyewe na kutuma majibu kwenye simu. Kizuri, nunueni. Kitawaambia dawa imekwisha. Hakitakaa nanyi kwenye ngazi mtakapomwambia mtu kama Nestori ukweli. Jifunzeni kupima, jifunzeni kunusa, na chumba kile cha Beechmont mkipangishe.

Minani bado ananitania kwamba mwaka kesho tutajadili upya habari ya kuhama. Alinikumbusha Jumapili iliyopita, nje kuna theluji mpaka madirishani. Nikamgeuza kwa mabega aitazame kwaya. Sauti ya kwanza, ya pili, mpaka wapiga ngoma, wote walikuwa wamevua makoti, wameyarundika juu ya benchi la mbele.

"Jadilini tu," nikamwambia. "Lakini na wewe vua koti kwanza."

Akavua.